Kiti cha Mama wa Udahili

Majibu yalimkuta Sumaku kapiga magoti nyuma ya kochi la watu, anabandua kitambaa kilichochoka. Simu ilitetemeka mfukoni, akaitoa, akasoma, akarudia kusoma, halafu akatulia palepale kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Baba yake, fundi wa makochi, aliacha kugonga. Mdomoni alikuwa na vimisumari, maana mafundi wa kazi ile huvibana kwa midomo ili mkono mmoja uvute kitambaa na mwingine ushike nyundo. Kwa hiyo hakuuliza kwa maneno. Aliinua nyusi.

"Chuo kimejibu," Sumaku akasema.

Cherehani ya mama ikanyamaza. Bibi, mama mzaa baba, ambaye hushinda kwenye pembe ya karakana karibu na mlango ili asipitwe na jambo, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Wamekukubali?"

"Hapana, bibi."

"Wamekukataa?"

"Hapana."

"Sasa wamefanya nini?"

"Wameniweka kwenye orodha ya kusubiri. Akitokea mtu wa kuacha nafasi yake, ndipo wataanza kutuita sisi tulio nyuma."

Bibi alilitafakari jambo hilo kwa makini. "Yaani hawajakumeza wala hawajakutema," akasema. "Wamekuweka shavuni."

Mjomba, kaka wa mama, ndiye aliyekuwa dereva wa pikapu ya kupelekea wateja makochi yao. Yeye alicheka, akakutana na jicho la dada yake, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Baba akarudi kugonga, lakini taratibu, kama anayegonga mlango wa mgonjwa.

Tuseme ukweli, afadhali kukataliwa. Ukikataliwa unalia, unapenga kamasi, unakula, unalala. Ukiambiwa usubiri, hata kulia unaogopa, usije ukajitabiria mabaya. Unaishia kushika simu kama mtu aliyeshika yai, na kila anayekupigia kukuuliza habari za asubuhi unamwona adui.

Jina la Sumaku alilipata humohumo karakanani. Alipokuwa mdogo wa kutambaa chini ya meza, kazi yake ilikuwa kuburuta sumaku iliyofungwa kamba, aokote vimisumari vilivyodondoka visije kuchoma miguu ya wateja. Jina likamganda, likamfuata mpaka shuleni. Na tangu bibi alipoteguka mgongo, naye akawa anamsindikiza hospitali kutazama jinsi wale wataalamu walivyomnyoosha na kumfanyisha mazoezi, alikuwa na neno moja tu moyoni: kusomea tiba ya viungo. Si popote, bali kwenye chuo kile kikubwa chenye mnara wa saa, ambacho mtu akikitaja wengine hukaa sawa.

Kozi hiyohiyo ilikuwepo pia kwenye chuo kingine, kipya, jirani na kiwanda cha vigae. Hicho kilikuwa kimeshamkubali. Kilimtaka athibitishe kabla ya Ijumaa jioni, na hapo ndipo palipokuwa na mtego: akithibitisha kule kwenye vigae, mfumo wa udahili ungemfuta papo hapo kwenye orodha ya kusubiri ya kule kwenye mnara. Asipothibitisha na mnara usimwite, angebaki nyumbani mwaka mzima akibandua vitambaa.

Ili umwelewe Sumaku, ni lazima kwanza uielewe nyumba ile na desturi yake ya kukalia. Hakuna kochi lililotoka karakanani bila kukaliwa na watu wote wa nyumba. Likikamilika, baba hupangusa vumbi, na mmoja baada ya mwingine hukaa, hujitikisa, huegemea, kisha husema kasoro moja. Lazima iwe kasoro. Hapa panabonyea. Mkono huu uko juu. Mshono huu unakuna. Mjomba hukaa kwa niaba ya watu wanene, bibi kwa niaba ya wenye maumivu. Kusifu hakuruhusiwi kabisa. Baba alikuwa akisema mteja ndiye atakayesifu, wao wamewekwa hapo kutafuta kilichoharibika. Kasoro zikishasemwa zote, anarekebisha, na kochi linakwenda. Kwa namna hiyo walikuwa na wateja kutoka pande zote za mji, na kwa namna hiyohiyo Sumaku alikua bila kuambiwa hata siku moja kwamba jambo fulani amelifanya vizuri.

Jioni ile ya majibu, mezani, desturi ikamgeukia yeye.

"Yale maelezo ya maombi yako ungenionyesha kabla hujatuma," mama alisema akipakua. "Mimi macho yangu yamezoea mistari. Ningeona palipopinda."

"Ulituma siku za mwishomwisho," mjomba akadakia. "Foleni ni foleni, hata ya kwenye kompyuta."

"Na kwenye ile picha ya fomu umenuna," bibi akasema. "Nani atamkabidhi mgongo wake mtu aliyenuna?"

Baba alitafuna, akameza. "Alama ya hesabu," akasema, basi.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ndivyo walivyojua kupenda, kwa kutafuta skrubu iliyolegea. Lakini Sumaku aliinamia sahani yake, akawa anasogeza chakula huku na huku bila kula. Aliutaka mnara ule kwa sababu moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu: ulikuwa ndio kitu pekee ambacho, akikileta nyumbani, watu hawa wangekikalia, wakajitikisa, wakaegemea, na wakakosa la kusema.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na mambo. Mama alitoka kwenda kuanika nguo zisizokuwepo, simu sikioni. Mjomba alijifungia ndani ya pikapu, vioo juu, jua lote lile, akawa anaongea huku ananyoosha kidole kama mbunge. Bibi, mwenye simu ya vitufe vikubwa, alianza kuamka mapema na kumnong'oneza mtu. Hata baba, asiyependa simu, alionekana nyuma ya karakana akiongea na ukuta. Kila Sumaku alipotokea, walinyamaza au walianza kuzungumzia bei ya sponji. Akajua wanamjadili. Akajua wamekwisha kumwonea haya.

Ijumaa asubuhi akasema anataka kwenda mwenyewe chuoni akaulize amesimama wapi kwenye ile orodha. Kulikuwa na kochi la kupelekwa pande hizo, hivyo akapanda pikapu na mjomba. Walipolishusha kochi na kufika kwenye lango la mnara, mjomba alizima gari lakini hakushuka.

"Twende basi, mjomba. Wewe unajua kuongea na watu."

"Nitabaki na gari."

"Nani ataliiba gari hili?"

"Wewe nenda," mjomba akasema, na akashusha kofia mpaka kwenye pua.

Ofisi ya udahili ilikuwa mwisho wa korido ndefu yenye benchi la mbao. Nyuma ya meza, kati ya marundo ya mafaili, alikaa mama mmoja mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alikalia kiti cha kuzunguka kilichoinama upande wa kushoto, na mgongoni alikuwa amechomeka sweta lililokunjwa. Kila alipogeuka kiti kililia. Sumaku, kwa mazoea, aliona ugonjwa wote kabla hajafika mezani: springi imekufa, sponji imekwisha, na mguu mmoja umelegea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikusaidie nini?"

Sumaku alitaja jina lake lote na kozi aliyoomba. Yule mama akaanza kuandika kwenye kompyuta, akasita, akavua miwani, akamtazama kuanzia nywele mpaka viatu.

"Wewe ndiye Sumaku?"

Jina hilo halikuwa kwenye fomu yoyote. Sumaku akahisi masikio yanawaka.

"Kaa hapo," mama wa udahili akasema. "Kaa, mwanangu. Ukoo wenu umenipigia simu wiki nzima."

"Ukoo wangu?"

"Kwanza alipiga mama yako. Nikajiandaa, maana nimezoea. Watu hunipigia wakanitisha, wengine wakanitajia wakubwa, wengine wakaniuliza napenda soda gani. Mama yako akasema hana la kuomba, anataka tu nijue unavyofanya kazi. Kuna mto uliushona ukiwa mdogo, ukaufumua wote kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda upande wa ndani, ambao hakuna mteja angeuona. Akasema siku ile hakukwambia kitu. Alikwenda jikoni akajifungia, akalia kwa furaha."

Sumaku aliukumbuka ule mto. Alichokumbuka ni kwamba mama alisema uzi haukuwa wa rangi yake.

"Halafu akapiga mwanamume, akajitambulisha kuwa ni mshauri wa familia."

"Ana sauti nzito?"

"Nzito. Alianza kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Kufika katikati akanisimulia mkono wake ulivyovunjika, jinsi wewe ulivyomkalisha kila siku abinye kipande cha sponji mpaka akaweza kushika usukani tena. Alipofika kwenye usukani akashindwa kuendelea, akakata simu."

Sumaku akatazama dirishani. Kutoka pale aliiona pikapu, na kofia iliyolala kwenye usukani.

"Bibi yako sasa, yule tumekuwa marafiki," mama wa udahili akaendelea, na kiti kikalia naye. "Hupiga kila nikifungua ofisi. Huniuliza nimeamkaje, mgongo unasemaje, nimenyoosha miguu au nimekaa tu kama mzigo. Akaniambia kuna wakati alikuwa anafungwa viatu na mkwe wake, leo anajifunga mwenyewe, na aliyemfikisha hapo ni wewe. Hajaniomba nafasi hata mara moja. Nadhani amesahau kwa nini alianza kupiga."

"Na baba?" Sumaku aliuliza. Sauti ilimtoka ndogo. "Baba yangu hapigi simu."

"Alipiga. Nilisikia kama mtu anatafuna changarawe. Nikasema sikusikii, akakata. Kidogo akapiga tena, safari hii sauti safi. Akasema, 'Mimi ni baba yake Sumaku. Nimetoa misumari mdomoni.' Akanyamaza, nikadhani amekata tena. Kisha akasema, 'Mama, mimi kazi yangu ni kutafuta kasoro. Kila kilichopita mikononi mwangu nimeikuta. Kwa huyu mtoto nimeitafuta, sijaiona.' Hapo ndipo akakata kweli."

Sumaku alilia. Alilia waziwazi, mikono mapajani, bila hata kutafuta leso, kama mtu aliyebebeshwa kitu kizito kwa muda mrefu halafu akaambiwa hakikuwa chake. Wiki nzima alidhani wanamjadili kwa aibu, kumbe walikuwa wanajificha kumsifu, mmoja nyuma ya kamba za nguo, mwingine kwenye ukuta.

"Taratibu," mama wa udahili akasema, naye akipangusa miwani isiyokuwa na vumbi. "Ukinitoa machozi na mimi, kiti hiki kikitikisika kitaniangusha."

Alipopata pumzi, Sumaku aliuliza swali lililomleta. "Simu hizo zimenisaidia?"

"Hazijakusogeza hata kidogo. Orodha inafuata alama, na ni haki iwe hivyo. Walio mbele yako ni wachache, lakini wanaoacha nafasi hapa ni wachache zaidi. Unaweza ukaitwa, unaweza usiitwe. Siwezi kukudanganya. Una chuo kingine?"

"Kile cha kwenye vigae. Mwisho ni leo."

"Tiba ya viungo?"

"Hiyohiyo."

"Basi kaa pale nje ufikirie. Usiamue ukiwa unanitazama mimi."

Sumaku akaenda kukaa kwenye benchi la korido. Kupitia mlangoni alikisikia kile kiti kikilia kila mama alipofikia faili. Juu ya paa saa ya mnara iligonga, na kwa mara ya kwanza akasikia kwamba ni kengele tu. Alijiuliza swali moja, tena akalijibu bila kujionea huruma: nilikuwa naitakia nini hasa nafasi hii? Mgongo wa bibi haukunyooshwa na mnara. Mkono wa mjomba haukuponywa na mnara. Na lile alilotaka mnara umsemee nyumbani, nyumbani walikuwa wamekwisha kulisema, tena kwa mtu wasiyemjua.

Akafungua simu. Mfumo ukamwuliza kama ana uhakika, kwamba akithibitisha ataondolewa kwenye orodha nyingine zote. Hapo kidole kilisita, na moyo ukamuuma, maana kitu ulichokitamani miaka na miaka hakiondoki bila kukukwaruza. Aliuacha uendelee kuuma mpaka ukatosha. Kisha akabonyeza.

Akarudi ofisini. "Mama, nimethibitisha kule."

Mama wa udahili akaangalia kompyuta yake. "Naam. Umeshatoka kwangu." Akalisema kwa upole, na akamshika mkono. "Kuna mtu atasogea mbele kwa sababu yako leo. Hatakujua, lakini atalala vizuri."

"Sasa naweza kukuomba kitu? Nisingeweza kukuomba mwanzoni, ungedhani ni hongo."

"Kitu gani?"

"Hicho kiti ni cha ofisi?"

"Cha ofisi kilivunjika zamani. Hiki nimekitoa nyumbani kwangu."

"Basi niazime mpaka Jumatatu."

Walikibeba wote wawili mpaka nje. Mjomba alipoona anayekuja alijaribu kuzama chini ya usukani, lakini kwa umbo lake hapakuwa na mahali pa kuzamia.

"Habari za asubuhi, mshauri wa familia," mama wa udahili akamwambia.

"Nzuri, dada," mjomba akasema na kutazama mbele, macho yamelowa.

Karakanani Sumaku alikiweka kiti katikati, akasimama kando yake. "Nimethibitisha kwenye vigae," akasema. "Na hiki ni kiti cha yule mama mliyekuwa mnampigia."

Mama akamtazama mjomba. "Na wewe ulipiga?"

"Wewe je?"

"Mimi nilidhani ni mimi peke yangu."

Wote wakamgeukia bibi, ambaye hakuwa na haya hata kidogo. "Mimi nilipiga hata leo," akasema. "Kumbe hakunyoosha miguu jana." Baba alikuwa ameinamia meza anachagua nyundo, na alichukua muda mrefu sana kuichagua.

Walikishughulikia kiti kile kama kinakwenda ikulu. Baba alibadilisha springi na kukaza mguu, Sumaku akakata sponji mpya na kuipandisha kidogo kiunoni, mahali sweta lilipokuwa, mama akashona kitambaa cha kijani kisichoonyesha vumbi. Kikapanguswa. Kikakaliwa.

"Kimebana mapajani," mjomba akasema.

"Wewe ndiye umebana," mama akamjibu, akakaa yeye. "Mshono wa nyuma ungeshuka kidogo."

Baba akakaa, akajizungusha, kiti hakikulia. Akaonyesha kwa kidole mkono wa kulia: uko juu kuliko wa kushoto. Ikawa zamu ya Sumaku. Akakaa, akaegemea, akafumba macho. Aliona mbele yake yule mama akigeuka kufikia faili, Jumatatu, bila maumivu.

"Kasoro," mjomba akamhimiza.

"Ahsanteni," Sumaku akasema.

Wakatazamana. "Hiyo si kasoro," mama akasema polepole.

"Najua, mama. Ameniambia yote. Ule mto. Ile sponji ya mjomba. Viatu vya bibi." Akafungua macho. "Nawashukuru. Sikujua."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Nyumba ile haikuwa na mazoezi ya jambo kama hilo. Mama alishika utepe wa kupimia akaanza kuukunja na kuukunjua. Ndipo baba akaweka nyundo mezani, akakinga kiganja chini ya kidevu, akavitoa vimisumari mdomoni, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho, nao wakamngoja.

"Nilichomwambia yule mama," akasema, "ni kweli."

Kisha akavirudisha mdomoni na kuokota nyundo, kwa sababu ule mkono wa kulia bado ulikuwa juu. Sumaku hakuweza kuinuka.

"Haya, nipishe," bibi akasema akimgusa bega kwa fimbo yake. "Mimi bado sijakaa."